Kumalizia saa kwa mkono kunaisaidia saa kutembea, au ni urembo tu? Tuangalie RGM ya Pennsylvania

#1 Saa_Sita

Wakuu, salaam.

Nina hoja, naomba wenye ujuzi waichambue bila kuoneana haya. RGM ni kiwanda kidogo cha saa kilichoko Mount Joy, kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Kilianzishwa 1992 na Roland Murphy, aliyesomea ufundi saa palepale Lancaster, akaenda kwenye mafunzo ya ufundi saa ya WOSTEP Uswisi, akafanya kazi kampuni ya saa ya Hamilton, kisha akasimama mwenyewe. Wana mashine (ule moyo wa saa wenye gia na springi) walizobuni wao: Caliber 801, halafu Pennsylvania Tourbillon ya 2010, halafu Caliber 20 ya 2012. Umaliziaji wao, yaani kuchora, kusugua na kung'arisha vipande, ni huu: nyuso za saa wanazichora kwa mitambo ya kale inayozungushwa kwa mkono, skrubu wanazichoma mpaka ziwe bluu, kingo za madaraja, yale mabamba yanayoshikilia gia, wanazing'arisha kwa mkono.

Ninachosema ni kwamba yote hayo hayaongezi hata sekunde moja ya usahihi. Mashine ya kawaida ya Uswisi inayopiga mara 28,800 kwa saa, iliyotoka kiwandani bila kuguswa na jiwe wala kijiti cha mtu, inashika muda sawa au inazidi. Anayenunua RGM analipia macho. Sisemi ni vibaya, nasema tuliite jambo kwa jina lake.

#2 Kijiti

Nimeshachukua kiti cha mbele. Endeleeni.

#3 Balansi

Saa_Sita, umeziweka kazi mbili kwenye kapu moja. Kuna kumalizia kunakoonekana: mistari, kingo, rangi. Na kuna kumalizia kusikoonekana, kwenye ncha za mihimili, kwenye meno ya pinioni (gia ndogo), kwenye mawe, yaani vito, ya nanga, kile kipande kinachozuia na kuachia gia. Huko kwa pili kunagusa mwendo moja kwa moja.

Chukua mhimili wa balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupima muda. Ncha zake zina unene wa kama 0.10 mm. Zikitoka kwenye lezi zina mikwaruzo ya mviringo usiyoiona mpaka uweke lensi kali. Fundi anailaza ncha kwenye kitanda cha chombo cha Jacot, anaizungusha, na juu yake anapitisha bapa la kabidi lenye mafuta mepesi, bapa likienda kinyume na mzunguko. Bapa hilo halikwangui sana, linakandamiza. Ngozi ya chuma inalala, inakuwa nyororo na ngumu zaidi. Ukikandamiza kupita kiasi ncha inakatika. Bapa likikauka linaacha michirizi. Ukiliinamisha kidogo tu, ncha inakuwa na umbo la koni, yaani nene huku nyembamba kule, na balansi haikai sawa kwenye jiwe.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mashine ya kupimia mapigo. Saa ikilala chali, balansi inasimama kwa ncha moja kwenye kitako cha jiwe. Ukiisimamisha wima, ncha zote mbili zinalalia ubavu na msuguano unapanda. Ncha nzuri, upana wa mzunguko wa balansi unashuka digrii 30 hadi 40 hivi. Ncha yenye michirizi, unaweza kuona 60 na zaidi, na hapo saa inakupa muda mmoja ikiwa mezani na mwingine ikiwa mkononi.

#4 Mzee wa Gia

Balansi umeeleza vizuri, lakini ncha hizo viwanda vikubwa vinazisugua kwa mashine, maelfu kwa maelfu, na zinatoka sawa. Umethibitisha kwamba kumalizia ni muhimu. Kwamba ni lazima kuwe kwa mkono, hapo bado.

#5 Balansi

Kwenye saa mpya, ni kweli. Kwenye saa iliyokwishafunguliwa mara tatu nne, ncha iliyolika hairudi kiwandani kusuguliwa na mashine. Ama unabadilisha kipande, ama mtu anakaa na Jacot. Kiwanda chenye watu wanaoijua kazi hiyo kinaihudumia saa yake miaka 40 mbele. Kwangu hilo ni sehemu ya mwendo wa saa.

#6 Dakika Moja

Kuna kitu kwenye namba 1 kinahitaji kunyooshwa. Kulinganisha 801 na mashine ya 28,800 kwa usahihi wa siku si ulinganisho wa umaliziaji, ni ulinganisho wa kasi. 801 inapiga 18,000 kwa saa, kama saa za mfukoni za zamani. Kwa siku hayo ni mapigo 432,000, na ile nyingine 691,200. Balansi ya haraka inatikisika kidogo mkono ukigonga au ukipungwa, kwa hiyo mkononi inashika muda kwa urahisi zaidi. Ya polepole kwa kawaida inapewa gurudumu kubwa zaidi ili kufidia, vipande vinagongana mara chache, na mafuta kwenye mawe ya nanga yanatulia muda mrefu zaidi.

Tena tukumbuke tunabishania kitu kidogo kiasi gani. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde 10 kwa siku imekosea asilimia 0.0116. Ukiwa ndani ya eneo hilo, mng'aro wa daraja hauwezi kuonekana kwenye kipimo. Springi ya nywele, ile nyembamba inayorudisha balansi, na marekebisho yake ndivyo vinavyoonekana.

#7 Reli

Mimi nina ugomvi na neno "utamaduni" ambalo watu hulibandika kwenye saa hizi. Saa za Marekani zilizopata heshima duniani hazikumaliziwa kwa mkono. Waltham, Elgin, Hamilton, Illinois, wote hao sifa yao ilikuwa vipande vinavyobadilishana. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876 Waswisi walimtuma Jacques David wa Longines kuangalia, akarudi na ripoti ya kuwashtua wenzake: Wamarekani wanatengeneza saa nzuri kwa mashine, na Uswisi ikilala italia.

Hata ile michoro ya mawimbi inayometameta kwenye madaraja ya saa za reli, damaskini, ilifanywa kwa mashine. Diski ndogo yenye unga wa kusagia inazunguka, bamba linasogezwa chini yake kwa mpangilio wa gia. Kila kampuni ilikuwa na mitindo yake na wakusanyaji wanaitambua kwa mbali.

Na usahihi ulidaiwa kwa namba. Baada ya treni kugongana Kipton, Ohio, Aprili 1891, Webb Ball, sonara wa Cleveland, alipewa kazi ya kukagua saa za reli. Masharti yaliyokomaa baadaye: uso wazi bila kifuniko, mawe 17 au zaidi, kurekebishwa katika mikao mitano, na kosa lisizidi sekunde 30 kwa wiki. Gawanya kwa 7 upate sekunde 4 na ushee kwa siku. Cheti cha usahihi cha COSC cha Uswisi leo kinaruhusu wastani wa kuanzia sekunde -4 hadi +6 kwa siku. Kwa hiyo dereva wa treni wa miaka ile alibeba kitu cha daraja hilohilo, kilichopambwa na mashine.

#8 Kijiti

Reli ukianza na treni humalizi leo.

Ila hapo umempa Saa_Sita pointi ya bure kabisa.

#9 Reli

Nimempa nusu. Mashine za damaskini zilihitaji mtu aliyejua kuziwekea diski, unga na shinikizo. Diski ikipata chembe moja kubwa, daraja zima lina mkwaruzo. Murphy ameazima sura ya saa hizo za zamani: madaraja ya 801 yanafuata saa za Edward Howard zilizotengenezwa na kampuni ya Keystone. Kwenye kingo ndiko kuna mkono wa kisasa, wa mtindo wa Uswisi. Ni mchanganyiko, na mimi naupenda, lakini tusiuite urithi wa Lancaster wote.

#10 Kingo

Naingia kwenye kingo maana ndipo pesa nyingi zinakokwenda na ndipo watu wanadanganywa zaidi.

Daraja likitoka kwenye mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, lina kona kali ya digrii 90 na mabaki ya chuma ya kukatia. Kuchonga ukingo kwa digrii 45 kunakwenda hivi. Faili laini kwanza, kupata bapa la upana ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Halafu mawe ya kusagia, kutoka la kukwaruza hadi la nyororo, kufuta alama za faili. Halafu kijiti cha mmea wa gentiana au mti wenye moyo laini, kilichochongwa ncha, kikapakwa krimu ya almasi ya mikroni 3, kisha kijiti kingine safi chenye mikroni 1. Kijiti kimoja kisitumike kwa krimu mbili. Chembe moja ya mikroni 3 ikibaki, unarudi kwenye jiwe.

Linalowashinda wengi ni kona ya ndani, pale kingo mbili zinapokutana kwa kuingia. Kikatio kinachozunguka hakiwezi kufika kwenye ncha ya kona hiyo, siku zote kinaacha mviringo. Kona ya ndani iliyo kali, yenye mstari mmoja safi katikati kama mkunjo wa karatasi, lazima mtu aliingia na faili na kijiti. Ukitaka kujua kama maneno ya kiwanda ni ya kweli, zihesabu kona hizo kwenye picha. Wengi huchora madaraja yasiyo na kona za ndani kabisa, kila kitu mviringo, kisha wanaandika "kwa mkono" kwenye tangazo. Si uongo, ila wameikwepa kazi ngumu.

Mpangilio nao una mabishano. Wapo wanaopiga mistari ya Geneva, ile ya urembo juu ya bamba, kwanza na kuchonga ukingo baadaye, ili ukingo ukate mistari kwa ukali. Wapo wanaofanya ukingo kwanza na mistari mwisho, kwa sababu bamba lenye mistari iliyokamilika halifai kushikwashikwa tena. Mimi niko upande wa pili. Mstari uliokwaruzwa hauparwi kipande, unarudia bamba lote, na kila ukirudia bamba linapungua unene.

#11 Saa_Sita

Kingo, nakushukuru kwa maelezo, lakini bado unaniunga mkono. Kona ya ndani iliyo kali haina kazi yoyote kwenye mashine.

#12 Mzee wa Gia

Kona haina. Ukingo unayo. Yale mabaki ya chuma aliyotaja Kingo yakibaki, siku moja kipande cha upana wa unywele kinang'oka na kuangukia kati ya meno ya pinioni. Saa inasimama saa 4 usiku, asubuhi ukiitikisa inatembea, wiki ijayo inasimama tena. Ni ugonjwa wa kuchosha kuutafuta kuliko springi iliyokatika. Aliyepitisha kijiti kwenye kila ukingo ameyaondoa yote, na macho yake yamepita kwenye kila upande wa kila kipande.

Kutafuta tatizo hilo: toa nanga, tia springi nguvu kidogo tu, mizunguko miwili ya kichwa (kile kitufe cha kutilia ufunguo), uache gia zizunguke zenyewe. Zikiwa safi zinakwenda, zinasimama, kisha zinarudi nyuma robo mzunguko kwa ulaini. Zikisimama ghafla bila kurudi, kuna kitu kwenye meno.

#13 Dakika Moja

Mabaki hayo yanaondolewa pia kwa pipa la kuzungusha lenye mawe madogo na sabuni. Saa za bei ya kawaida zinafanyiwa hivyo na hazisimami hovyo. Hoja ya macho kupita kila kipande ndiyo nzito zaidi. Huo ni ukaguzi, na ukaguzi unaweza kufanywa bila krimu ya almasi.

#14 Bluu

Tusisahau skrubu. Wengi wanadhani ni rangi. Chuma cha kaboni kinang'arishwa kichwa mpaka kiwe kioo, kinaoshwa kwa spiriti, kinawekwa kwenye sahani ya shaba nyeupe au yenye chenga za shaba, moto chini yake. Karibu na digrii 230 kinakuwa rangi ya majani makavu, 260 hudhurungi, 280 zambarau, na kati ya 290 na 300 bluu ile iliyoiva. Ukichelewa kidogo, kwenye 320 inageuka bluu ya mbingu iliyopauka, kisha kijivu, na hapo unarudi kung'arisha upya.

Kinachoharibu kazi kwanza ni alama ya kidole: mafuta ya ngozi yanaacha doa la njano katikati ya bluu. Pili ni mkato wa bisibisi: kingo nyembamba za mkato zinapata joto haraka kuliko moyo wa skrubu, zinakimbia rangi. Dawa ni chenga za shaba kusambaza joto, na moto mdogo. Tatu ni skrubu za aina tofauti ya chuma. Sita za kundi moja zinaiva pamoja, ya saba ya kundi jingine inabaki zambarau.

Faida kwenye mwendo? Skrubu iliyogeuzwa ngumu kwa kuzamishwa kwenye mafuta ikiwa ya moto ni kama glasi, inavunjika. Joto hilo la 290 na kitu linailegeza ugumu mpaka iwe ngumu na nyumbufu kwa pamoja. Rangi ni ushahidi kwamba joto limefika. Hapo Saa_Sita urembo na kazi ni kitu kimoja.

#15 Nusu Saa

Na zile za bluu za kemikali tutazijuaje, Bluu?

#16 Bluu

Igeuze kwenye mwanga. Ya moto inatoka karibu nyeusi hadi bluu ya umeme kulingana na pembe, na ukizitazama skrubu tatu pamoja zina tofauti ndogo sana. Ya kemikali au rangi iko bluu ileile kila upande, na ndani ya mkato ni bluu vilevile sawa na juu.

#17 Waridi

Uso wa saa ndio unaowatambulisha hawa jamaa wa RGM, tuuseme. Giloshe, ile michoro ya uso, ikiwa ya kweli inakatwa kwa mashine iitwayo rozi-injini. Watu wanafikiri kikatio kinazunguka. Hapana. Kikatio kimetulia kwenye sleji, na uso ndio unaozunguka. Nyuma yake kuna diski ya shaba yenye mawimbi ukingoni, roza, inayosukumana na kidole cha chuma, na kichwa kizima cha mashine kinayumba kufuata mawimbi hayo. Mkono mmoja unazungusha mpini polepole, mwingine unasukuma sleji kwa shinikizo lisilobadilika. Kando ya kikatio kuna kiatu kinachogusa uso na kuzuia kina kisizidi, na kina chenyewe hakifiki 0.1 mm. Mzunguko ukiisha, unasogeza sleji sehemu ndogo ya milimita, unageuza roza nusu wimbi, unaanza tena. Kwa michoro iliyonyooka kuna mashine ya pili ambapo kipande kinapanda na kushuka wima.

Mahali pa kuharibikiwa ni pengi. Ukisahau kugeuza roza mara moja, mchoro unavunjika na macho yanauona kutoka upande wa pili wa meza. Ncha ya kikatio ikimeguka katikati, mistari ya kabla inang'aa na ya baada imefifia. Kikatio kinatakiwa kinolewe na king'arishwe kama kioo, maana mng'aro wa mfereji ni mng'aro wa kikatio. Hakuna kusugua baadaye. Fedha nayo inapenda kunata kwenye ncha, bila tone la mafuta inararuka badala ya kukatika. Uso wenye kosa mwishoni unatupwa pamoja na kazi yote.

Uso wa kugongwa kwa muhuri una vilele vya mviringo, mwanga unateleza juu yake. Wa kukatwa una pande kali, ukigeuza mkono mwanga unaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

#18 Nusu Saa

CNC ya leo haiwezi kukata hivyohivyo?

#19 Waridi

Inaweza kukata mchoro. Ikitumia kikatio kinachozunguka inaacha alama ndogo ndogo za kuzunguka kwenye mfereji, na mng'aro unakuwa wa maziwa. Wapo wanaofunga kikatio kisichozunguka kwenye CNC na matokeo yanakaribia sana. Aliye makini zaidi kwa giloshe Marekani sasa, kwa maoni yangu, ni J.N. Shapiro wa Los Angeles na mchoro wake wa msuko. Mwaka 2023 alitoa Resurgence yenye mashine yake mwenyewe. RGM walishika njia hiyo mapema na kwa utulivu zaidi.

#20 Mwanasheria wa Saa

Sijaona mtu akigusa neno "ya Marekani". Kisheria ni gumu. FTC, tume ya biashara ya Marekani, inataka kitu kinachoitwa kimetengenezwa Marekani kiwe chote au karibu chote kimetoka huko, na mwaka 2021 kanuni hiyo ilipewa meno ya faini. Mwaka 2016 Shinola, kampuni ya saa ya Detroit, ilitakiwa kubadilisha kauli zake za matangazo kwa sababu sehemu kubwa ya vifaa ilitoka nje. Uswisi ni rahisi zaidi: tangu 2017 inatosha asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ziwe za huko, mashine iwe ya Uswisi, saa ifungwe na kukaguliwa huko. Maana yake saa ya Marekani yenye springi ya Uswisi inalazimika kupima maneno, na saa ya Uswisi yenye kasha la Asia haina shida.

Forodha ya Marekani nayo ina kanuni yake: nchi ya saa ni nchi mashine yake ilipounganishwa. Na mashine inayoingizwa lazima iwe imeandikwa kwenye daraja au bamba la juu nchi, jina la mtengenezaji au mnunuzi, na idadi ya mawe kwa maneno. Ndiyo sababu unaona "seventeen" imeandikwa kwa herufi.

#21 Dakika Moja

Na kikwazo kikubwa cha "karibu chote" ni springi ya nywele. Piga hesabu. Ukakamavu wake unafuata unene kwa nguvu ya tatu, na kasi ya balansi inafuata kipeuo cha pili cha ukakamavu. Kwa hiyo unene ukizidi asilimia 1, kasi inazidi asilimia 1.5, na asilimia 1.5 ya sekunde 86,400 ni 1,296. Dakika 21 na ushee kwa siku! Springi yenye unene wa 0.03 mm, asilimia 1 yake ni mikroni 0.3. Nani atanunua mitambo ya kuvuta waya kwa usahihi huo ili atengeneze saa chache kwa mwaka? Hamilton waliweza, walitumia Elinvar, aloi isiyoyumbishwa sana na joto, kuanzia miaka ya 1930, lakini walikuwa wakiuza kwa reli na jeshi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya wadogo wa Marekani kuwa wachache. Mengine ni matawi.

#22 Reli

Siafiki. Springi inanunulika, hata watengenezaji wengi wa Uswisi wananunua. Sababu ni watu. Hamilton walisimamisha utengenezaji Lancaster mwaka 1969, na kizazi kilichojua kutengeneza, si kukarabati tu, kikatawanyika. Angalia RGM iko wapi: kaunti ileile ya Hamilton, ileile ilikofunguliwa shule ya ufundi saa ya Lititz Watch Technicum kwa fedha za Rolex 2001, na jumba la makumbusho la wakusanyaji wa saa liko Columbia, jirani tu. Haikuangukia pale kwa bahati.

#23 Mzee wa Gia

Technicum inafundisha zaidi kuhudumia saa. Kutengeneza pinioni ni somo jingine. Mimi naona ni ukubwa wa kundi. Kuandaa CNC kwa bamba kuu, kutengeneza vishikio, kutupa mabamba ya majaribio, gharama hiyo ni ileile ukitoa mabamba 20 au 2,000. Wenye 20 wanaipandisha kwenye bei, halafu ili bei ikubalike wanalazimika kumalizia kwa mkono. Mkono umefuata bei, bei haikufuata mkono.

#24 Saa_Sita

Namba 23 ndiyo nilikuwa naitafuta kwa maneno. Lakini Bluu kwenye skrubu amenibana, nakiri hilo sikuwa na jibu lake.

#25 Pipa

Kuna anayejua mota-bareli ya Caliber 20 ina faida gani leo? Naisoma kila mahali kama sifa.

#26 Reli

Kwenye saa ya kawaida unapotia ufunguo unazungusha mhimili wa pipa, kile kikopo chenye springi kuu, na saa ikitembea pipa ndilo linazunguka. Mota-bareli imegeuza: ukitia ufunguo linazunguka pipa, na mhimili ndio unaoendesha gia. Faida ya kwanza, mhimili unaendeshwa ndani ya mawe, msuguano unapungua mahali penye nguvu kubwa kuliko pote. Ya pili, springi za chuma cha zamani zilikatika mara kwa mara, na zikikatika pipa lilirudi nyuma kwa kishindo na kung'oa meno ya pinioni ya katikati. Kwenye mota-bareli kishindo kinaishia kwenye pipa. Springi za aloi za leo hazikatiki hovyo, kwa hiyo faida ya pili imebaki ndogo. Ya kwanza ipo.

#27 Kilindini

Swali la pwani: uso wa fedha na skrubu za moto utavumilia Mombasa?

#28 Waridi

Fedha inaogopa salfa kuliko chumvi. Uso unapakwa laka, ikiwa nzima inatosha. Usiifungie saa kwenye boksi pamoja na raba au sufu.

#29 Bluu

Skrubu ndizo za kuangalia. Ngozi ya bluu ni nyembamba mno, haizuii kutu. Saa ya kutia ufunguo kila siku inakula oringi ya kichwa haraka, ibadilishe kila miaka miwili au mitatu. Jaribio la nyumbani: pasha saa joto mpaka kama digrii 40 hadi 45, weka tone la maji baridi juu ya kioo dakika moja, futa. Ukungu ukionekana upande wa ndani, kuna unyevu, usingoje.

#30 Nusu Saa

Kiwanda kidogo kikifungwa, vipande utapata wapi?

#31 Balansi

Springi kuu zinauzwa kwa vipimo: upana, unene, urefu, na kipenyo cha pipa. Mawe vivyo hivyo. Madaraja hayaharibiki. Kinachovunjika saa ikianguka ni ncha ya mhimili wa balansi, ingawa vilinda-mshtuko vimepunguza sana. Fundi mwenye lezi anautengeneza mhimili kutoka fito ya chuma cha kaboni, mradi awe na vipimo: urefu wote, unene wa ncha mbili, kiti cha balansi, kiti cha rola (kidiski kinachosukumwa na nanga), na kiti cha koleti (kipete kinachoshika springi). Kwa hiyo saa ikifunguliwa kwa huduma ya kwanza, mwombe fundi apime hivyo vitano kwa maikromita na aviandike kwenye karatasi ya huduma. Mhimili ukiwa mzima kazi hiyo ni ya dakika chache. Ukishavunjika, urefu wote unaubahatisha kwa nafasi kati ya mawe, na ukizidisha 0.02 mm balansi haina pumzi ya kuchezea.

#32 Mzee wa Gia

Ongeza na pembe ya mnyanyuo ya nanga, Balansi. Bila hiyo mashine ya kupimia inakupa upana wa mzunguko wa uongo. Kwa mashine ya ETA 6497 ya Uswisi ni digrii 44, kwa hizi za viwanda vidogo muulize mtengenezaji wakati bado yupo.